Majani Mawili na Chipukizi

Asubuhi ile ya Novemba 2016 mvua ilitukuta ndani ya banda la kupimia chai, Lufingo, wilayani Rungwe. Akina mama walikuwa wamekwisha kupanga vikapu vyao kwenye foleni, maji yakichuruzika kwenye nailoni walizojifunika mabegani. Mimi nilisimama nyuma ya karani, mama wa makamo aliyeifanya kazi ile kwa miaka 12. Mkononi alikuwa na simu mpya ya kugusa, tuliyoinunua Dar es Salaam na kuiwekea programu yetu. Akatundika kikapu cha kwanza kwenye mizani, mshale ukatulia, akagusa skrini. Kimya. Akagusa tena. Akafuta kidole kwenye kanga, akaifuta na skrini, akagusa mara ya tatu. Safari hii ikajitokeza namba ya mkulima mwingine kabisa.

Kidole cha mtu aliyeshika majani mabichi ya chai tangu alfajiri kina utomvu wa kahawia unaonata. Maji ya mvua yakija juu yake, skrini haikitambui. Sehemu za Rungwe hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, kwa hiyo mkono mkavu ndani ya banda la chai ni jambo la nadra. Mimi nimezaliwa huko huko, nimechuma chai kabla sijajua kusoma, na bado programu ile ilifika bandani bila mtu yeyote kati yetu kuijaribu kwa mkono uliolowa.

Karani hakusema neno baya. Aliniambia tu, "Mwanangu, ngoja kwanza, lori linakuja." Akaitia simu kwenye mfuko wa nailoni, akaufunga fundo, akavuta kaunta buku lake kutoka chini ya meza, akachomoa kalamu kwenye kilemba na kuanza kuandika. Foleni ikasogea. Kazi ya miezi minane ya watu sita ikalala ndani ya ule mfuko mpaka jioni.

Nimeulizwa mara nyingi na vijana wanaoingia katika kazi hii ya kuandika programu jinsi timu yetu "ilivyohamia ajaili", ile njia ya kuitengeneza programu kwa vipande vifupi, kama vile ni nyumba mtu anahamia kwa kupakia vyombo. Majibu yangu yote huanzia kwenye fundo la mfuko ule.

Mama yangu ana nusu eka ya chai Lufingo, imepakana na migomba na mistari michache ya viazi. Asiyeijua chai huidhani ni zao la msimu, unapanda, unangoja, unavuna, umemaliza. Chai haivunwi hivyo. Unachuma majani mawili na chipukizi lake, unauacha mti, na wakati wa mvua unarudi baada ya siku saba au kumi. Baridi ya Juni na Julai ikikaza, unarudi baada ya wiki mbili au zaidi. Huo ndio mzunguko. Ukichelewa, chai inapitiliza: majani yanakomaa, yanakuwa magumu, na kiwandani yanakataliwa. Ukiwahi mno, unaudhoofisha mti. Na kilichochumwa leo lazima kifike kiwandani leo, kwa sababu majani yakilala kwenye gunia yanapata joto, yanageuka mekundu, yanakuwa hasara.

Katika kila mzunguko mama alikuwa anajifunza kitu. Mstari wa juu umechelewa, utaachwa mpaka mzunguko ujao. Huku chini maji yanatuama, paelekezwe mfereji. Sikumbuki hata siku moja alipokaa mezani kupanga mavuno ya mwaka mzima kilo kwa kilo. Alipanga mzunguko mmoja, akaukamilisha, akatazama shamba, akapanga mwingine.

Chuoni nilifundishwa kinyume chake. Huko programu kubwa ilikuwa inatengenezwa kwa hatua zinazofuatana: kwanza unakusanya mahitaji yote, halafu unachora muundo wote, unaandika programu yote, unaijaribu yote, mwisho unamkabidhi mwenyewe. Wenye taaluma wanaiita njia ya maporomoko. Sisi wa Rungwe tunayajua maporomoko. Maji yakishashuka Kaporogwe hayapandi tena. Mmarekani Winston Royce, ambaye makala yake ya 1970 hutajwa kama chimbuko la mchoro huo, alionya katika makala hiyo hiyo kwamba kuufuata hivyo ulivyo ni hatari. Mchoro ukasambaa, onyo likabaki kwenye karatasi.

Kwa hiyo mwaka 2016, chama kimoja cha wakulima kilipopata mfadhili na kutupa kazi ya kutengeneza mfumo wa kupima na kulipia chai, tulifanya tulivyofundishwa. Semina ya kukusanya mahitaji ilifanyika katika ukumbi wa hoteli, Mbeya mjini, kiasi cha kilomita 70 kutoka mashambani. Walikuja viongozi wa chama, mhasibu, na maofisa wawili wa kilimo. Walizungumzia mikopo, taarifa za robo mwaka, michoro ya kuonyesha uzalishaji. Tuliandika kila kitu. Hati ilifika kurasa 84, ikapigwa mihuri, ikasainiwa. Makarani wa mabanda hawakualikwa. Nilipomuuliza baadaye yule mama wa Lufingo alikuwa wapi siku ile, alinijibu kwamba alikuwa anapima chai.

Katika kurasa zote hizo 84 hapakuwa na neno "maji". Wala sizungumzii mvua kwenye skrini peke yake. Majani yaliyolowa yanakuwa na uzito wa uongo, na kila karani hukata: anatazama kikapu, anakadiria, anapunguza kilo moja au mbili, anaandika kilichobaki. Hiyo ndiyo shughuli nyeti kuliko zote bandani. Mkulima anaiogopa, karani anaionea haya, kiwanda kinaitegemea. Mfumo wetu ulichukua uzito wa mizani na kuuhifadhi kama ulivyo. Hata kama skrini ingekubali vidole, jumla ya mabanda ingezidi uzito wa kiwandani kila siku iendayo kwa Mungu, na mhasibu angemtafuta mwizi asiyekuwepo.

Wakati naandika ripoti ya kueleza kilichotokea nilirudi kuisoma habari ya karanga za Kongwa. Kila mtoto wa Tanzania ameisikia kidogo darasani. Mwaka 1946 Waingereza walituma ujumbe wa watu watatu kuitazama Tanganyika na majirani zake. Wakazunguka majuma tisa, wakarudi na mpango wa kulima karanga kwenye eka 3,210,000, nyingi zikiwa Tanganyika. Mwaka 1947 matingatinga yakaanza kufyeka Kongwa. Hakuna aliyelima kwanza shamba dogo kwa msimu mmoja kuona udongo unafanyaje. Udongo wa Kongwa ukikauka unakuwa kama tofali lililochomwa. Karanga zikakwama humo ardhini, mvua ikawa haba, mashine zikavunjika. Januari 1951 mradi ukafutwa, na zaidi ya pauni milioni 30 zikawa zimepotea. Wagogo wenye ardhi ile waliijua siku zote. Nilipofika hapo kwenye kusoma nilifunga kitabu, kwa sababu niliona ukumbi wa hoteli ya Mbeya.

Kuna habari nyingine ya kwetu Afrika Mashariki inayokwenda kinyume na hiyo, na huwa naisimulia pamoja nayo. M-Pesa haikuanza kama njia ya kutumiana pesa. Mwaka 2005 ilijaribiwa Kenya kwa wateja wachache na mawakala wachache, kusudi kubwa likiwa wakopaji wadogo walipe marejesho yao kwa simu. Waliokuwa wanaifuatilia wakaona watu wanaitumia kwa mambo mengine kabisa, hasa kutumiana pesa wao kwa wao. Wakaufuata mwendo wa watu. Ilipozinduliwa Machi 2007 ilikuwa huduma ya kutuma pesa nyumbani, na mwaka uliofuata ikaingia Tanzania. Kama jaribio lile lingerukwa, pengine leo tungekuwa na programu nzuri sana ya marejesho ambayo hakuna anayeijua.

Baada ya Novemba tulisema tunabadilika. Mwenzetu mmoja alikuwa amehudhuria mafunzo Nairobi, akatueleza habari za ile Februari ya 2001, watu 17 wa programu walipokutana Snowbird, katika milima ya Utah huko Marekani, wakatoa tamko fupi. Kwa maneno yangu mwenyewe linasema hivi: thamini watu na mazungumzo yao kuliko vifaa na taratibu, programu inayofanya kazi kuliko rundo la hati, kushirikiana na mteja kuliko kuvutana kwenye mkataba, kuitikia mabadiliko kuliko kung'ang'ania mpango. Chini yake kuna kanuni 12. Ndilo lililoipa njia hii jina la ajaili, yaani wepesi wa kugeuka. Ndani yake kuna mitindo kadhaa. Unaojulikana zaidi unaitwa skramu, ambapo kazi hukatwa vipande vya wiki moja hadi mwezi, kila kipande kikiitwa sprinti, na mwisho wake lazima kuwe na kitu kinachoweza kutumika.

Tukabandika karatasi za rangi ukutani. Kila saa tatu asubuhi tukasimama dakika 15, kila mtu akasema jana alifanya nini, leo atafanya nini, na ana kikwazo gani. Kwa wiki mbili ilipendeza. Halafu nikaanza kusikia wimbo mmoja: "Jana niliendelea na ile kazi, leo naendelea, sina kikwazo." Wote sita hawana kikwazo, na kazi haiendi. Kikao cha kusimama kilikuwa kimegeuka mahudhurio ya shule, na mwalimu wa zamu alikuwa mimi.

Siku moja jioni niliongea na mdogo kuliko wote kwenye timu, msichana aliyekuwa ametoka chuo mwaka ule. Tulikuwa wawili tu, tunasubiri umeme urudi. Nilimwambia bado naumia kwamba hatukuwahi kuijaribu simu kwa mkono uliolowa. Alinyamaza, kisha akasema, "Kaka, mimi nilijua tangu Juni." Mama yake ni mama lishe Buguruni, Dar es Salaam. Alikuwa amempelekea simu ile aichezee, mama akiwa anaosha vyombo, na skrini ikagoma vile vile. Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akajibu kwa sauti ya chini kabisa, "Wewe ulishaisifia mbele ya mfadhili. Ningesemaje?"

Sikuwa na la kumjibu. Alifanya alivyolelewa, na mimi nimelelewa hivyo hivyo: mkubwa hasahihishwi hadharani. Ni adabu, na siitukani, kwa sababu imenifikisha nilipo. Lakini vitabu vya ajaili vilivyoandikwa Marekani havina sura ya kumsaidia mtu aliyefundishwa tangu utoto kupiga goti akimwamkia mkubwa. Vinachukulia kwamba ukiwapa watu nafasi ya kusema, watasema. Kwetu nafasi peke yake haitoshi.

Msaada niliupata nyumbani. Krismasi ya mwaka ule nilikuwa Lufingo, nikamsimulia babu yangu mdogo wa upande wa baba habari za yule msichana. Akanikumbusha vijiji vya marika. Zamani za Wanyakyusa wa huku Rungwe, mvulana akifika miaka kumi hivi alitoka kwa wazazi, yeye na rika lake wakajenga vibanda vyao pembeni, na kijiji hicho kikakua nao mpaka uzee. Mtaalamu Monica Wilson, aliyekaa huku na mumewe Godfrey miaka ya 1930, aliandika kitabu kizima juu ya vijiji hivyo, kikatoka 1951. Neno lililobeba maisha yale ni ukwangala, yaani kukaa pamoja kwa maongezi, kula na kunywa na kusemezana bila kumwogopa mwenzako kwa sababu ni rika lako. Babu alisema mambo mengine hayakuweza kuzungumzwa mbele ya baba, hata yangekuwa ya kweli namna gani; yalizungumzwa kwa rika, na baba akayajua baadaye yakiwa yamekwisha kuiva.

Niliporudi Dar es Salaam nikafanya mabadiliko matatu. Katika kikao cha asubuhi mdogo anaanza kusema na mimi nasema mwisho, nikibaki na cha kusema. Kila Ijumaa ya pili timu inakaa bila mimi, bila kumbukumbu za kikao, wanakula, wanajiuliza swali moja: nini umekiona ambacho hujakisema? Halafu mmoja wao ananiletea yaliyoamuliwa, bila kutaja nani kasema nini. La tatu lilinigharimu zaidi: nilisimama mbele ya wote nikasema simu za kugusa zilikuwa wazo langu, na lilikuwa wazo baya. Ijumaa ya kwanza waliniletea mambo 11. Manne kati ya hayo yalikuwa yanajulikana kwa zaidi ya miezi mitatu.

Januari 2017 wawili wetu tulihamia Lufingo, tukalala kwa mama. Tuliamua sprinti yetu iwe ya wiki mbili, na sababu yake hasa ilikuwa kwamba ndani ya siku hizo kila mkulima angepita bandani walau mara moja, tukamwona kwa macho. Tulikwenda kwa karani yule yule. Nilimwamkia, "Mugonile," akaitikia "Ndaga," akanikaribisha kigoda. Sikufungua kompyuta. Nilimuuliza, mama, katika kazi ya siku nzima, kipi kinakuchosha zaidi?

Hakutaja mikopo wala michoro. Alisema kinachomchosha ni watu kumfuata nyumbani usiku kumuuliza kilo zao, kwa sababu stakabadhi imelowa, au mume ameichukua, au mtoto ameichana. Anafunua kaunta buku kwa taa ya simu, anasoma, wanaondoka, wanakuja wengine.

Basi hicho ndicho kilikuwa kitu chetu cha kwanza, na hakikuwa na kingine ndani yake. Tulimpa kitochi, simu ya vitufe, kwa sababu kitufe hakijali utomvu. Akishapima, anaandika meseji ya namba ya mwanachama na kilo, anaituma. Mkulima anapata meseji kwenye simu yake. Banda moja, wakulima 40. Kaunta buku likaendelea kama kawaida. Tulikitengeneza kwa siku tisa.

Siku ya tatu ya majaribio mama yangu alirudi kutoka bandani, akanishika mkono jikoni. "Simu inasema kilo 18. Mimi nilitundika 20 kwa macho yangu. Mbili zimekwenda wapi?" Nilimwambia ni maji. "Najua ni maji. Lakini zamani nilikuwa siambiwi."

Hapo ndipo kazi yenyewe ilipoanza. Katika mzunguko wa pili tukaongeza namba mbili kwenye meseji, ili isome uzito wa mizani, kilo za maji, kilichobaki. Karani alipoiona hakuipenda. Alituambia wazi, na nashukuru alituambia, "Mnataka kunigombanisha na watu. Mimi nakata kwa jicho." Alikuwa na haki. Jicho lake lilikuwa la haki pia, maana tulilinganisha na uzito wa kiwandani tukakuta amekosea kidogo mno. Ila jicho haliwezi kujieleza kwenye meseji. Tungeweza kumlazimisha, maana chama kilikuwa upande wetu. Tulisubiri. Baada ya siku nne yeye mwenyewe aliwakusanya wakulima bandani, wakabishana zaidi ya saa moja, wakakubaliana: kikapu chenye umande kilo moja, kinachochuruzika kilo mbili, na mkulima mwenye mashaka akung'ute mbele ya wote kipimwe upya. Ile sheria hatukuitunga sisi, wala isingeweza kuandikwa katika ukumbi wa hoteli. Sisi tuliiweka kwenye programu jioni ile ile. Mabishano ya kilo kwenye banda lile yakapungua mpaka watu wakaanza kuyasimulia kama mambo ya zamani.

Mizunguko mingine naipita haraka. Bondeni mtandao haukuwepo, kwa hiyo karani alituma meseji akifika juu karibu na kanisa, na kwa kutokuwa na uhakika alituma mara mbili, mkulima akahesabiwa kikapu mara mbili. Tukaufundisha mfumo kuuliza kabla ya kupokea namba ile ile na kilo zile zile kwa siku moja. Mzunguko wa tano tuliupoteza wote: tulitengeneza simu ya sauti ya Kinyakyusa kwa wazee wasiosoma, jambo tulilolipenda sana, na wazee wakalikataa. Walitaka kusomewa na mjukuu, kwa sababu mjukuu anaweza kuulizwa swali. Tukaifuta. Iliuma, lakini zilikuwa wiki mbili, na kilichofuata kilianza Jumatatu. Taarifa za mhasibu, zilizokuwa ukurasa wa kwanza wa ile hati, zilifika mzunguko wa saba. Michoro miwili ya uzalishaji haijatengenezwa mpaka leo, hakuna aliyeiuliza.

Ukuta mgumu kuliko zote ulikuwa mkataba. Ulisema tutalipwa tukikabidhi "moduli ya mikopo", "moduli ya taarifa" na nyingine tano, kwa tarehe. Tungeweza kuzikabidhi zote zikiwa hazifanyi kazi na tukalipwa. Kufanya kinachofaa bila kuzikabidhi kulimaanisha kukosa mshahara. Ofisa wa mfadhili alikuwa mtu mwema aliyefungwa na karatasi zake. Kila baada ya mzunguko tulimwandikia kurasa mbili: banda gani, wakulima wangapi, nini kimefanya kazi, nini kimekataliwa na kwa nini. Barua ya tatu aliisoma akapanda gari akaja Lufingo. Alikaa bandani kwa muda wa saa nne kwenye mvua. Mwezi uliofuata mkataba ulirekebishwa, malipo yakahesabiwa kwa mabanda yanayotumia mfumo. Sijui timu ngapi zimevunjika moyo zikidhani zimeshindwa ajaili, kumbe mkataba wao ulikuwa umeikataza tangu ukurasa wa kwanza.

Leo nikifundisha vijana sianzi na karatasi za rangi wala majina ya vikao. Nawauliza ni nani atakayekigusa hiki kitu, mkono wake ukoje, na lini mara ya mwisho mlimwona. Wakisita, najua kazi iko wapi.

Na ninyi mnaotoa kazi hizi, maofisa wa miradi, viongozi wa ushirika, wakuu wa ofisi, nina ombi moja. Niliitazama tena bajeti yetu ya 2016. Ilikuwa na fungu la ukumbi, la chakula cha wajumbe, la kuchapa hati, la fulana za uzinduzi. Nauli ya basi ya kumpeleka mwandishi wa programu kijijini haikuwemo hata senti moja. Iandikeni hiyo nauli. Iandikeni kila wiki mbili, mpaka kazi iishe, na mwandikieni karani posho ya kuhudhuria siku mnayopanga mahitaji, ili mtu mwingine ampimie chai.